Nina kilo 41 na wenzangu wote wa judo ni watu wazima: niendelee au nisubiri nikue?

Mkanda Mweupe wa Igoma (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu habari zenu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Mwanza, nina umri wa miaka 15 na uzito wa kilo 41, na kwa umbo ni mdogo hata ukinilinganisha na wanafunzi wa darasa langu. Tangu muhula uliopita ninajifunza judo katika klabu ya mtaani inayofanya mazoezi jioni kwenye ukumbi wa kuazima. Klabu haina vijana wa rika langu, hivyo wote ninaofanya nao mazoezi ni watu wazima: walinzi, madereva wa bodaboda, wapagazi wa Mwaloni pale Kirumba, na fundi mmoja wa kuchomelea ambaye akishika ukosi wa gwanda langu sijapata bado njia ya kuutoa mkono wake. Baadhi yao wana uzito unaozidi wangu mara mbili.

Kinachonisumbua ni kwamba wapo wanaonihurumia mno hadi wanajiangusha wenyewe nikiwagusa, nami najua kabisa kwamba sikuwaangusha, na wapo wanaocheza nami kama wanavyocheza na mtu wa kilo 90, wakinibana chini napumua kwa tabu. Mwalimu ni mmoja na hawezi kuitazama kila jozi kwa wakati wote. Mama anataka nisubiri mpaka nimalize kidato cha nne.

Naomba kuuliza mambo matatu. Je, mtu mdogo anaweza kujifunza kitu cha maana akiwa katikati ya wakubwa watupu? Je, kuna hatari kwa mwili ambao bado unakua? Na la tatu, ambalo kwangu ndilo gumu zaidi, nitamwambiaje mtu wa umri wa baba yangu apunguze nguvu bila kuonekana nimekosa adabu?

Kijiwe cha Mabatini

Mdogo wangu, acha. Mazoezi mazito katika umri huo yatakudumaza ubaki hivyo hivyo. Nenda ukacheze mpira na wenzako Nyamagana, hayo mengine utayakuta ukiwa mtu mzima.

Mzee wa Butimba

Marahaba, kijana. Nimefundisha judo na karate kwa muda mrefu katika kumbi mbalimbali za mkoa huu, nyingine zikiwa na mikeka halisi na nyingine zikiwa na turubai lililotandikwa juu ya maranda ya mbao, na swali lako nimelisikia kwa wanafunzi wengi. Nitaanza na la kwanza.

Mchezo unaojifunza ulianzishwa na mtu mdogo wa mwili. Kanō Jigorō, aliyezaliwa Japani mwaka 1860, alikuwa dhaifu na akionewa na wanafunzi wenzake, na hiyo ndiyo sababu iliyompeleka kutafuta walimu wa jujutsu, sanaa ya zamani ya kupigana ya Kijapani, mwaka 1877. Katika chuo cha kwanza alichojiunga nacho alikuwapo mwanafunzi mkubwa na mzito aitwaye Fukushima, ambaye Kanō alishindwa kumwangusha kila alipojaribu. Alijaribu mbinu za sumo, hazikufaa. Akaenda kusoma vitabu vya mieleka ya nchi za Magharibi, akakuta humo namna ya kujiingiza chini ya mpinzani na kumbeba mabegani, akaifanyia mazoezi na marafiki zake, kisha akarudi ukumbini na kumwangusha Fukushima. Mtupo huo ndio ulioingia katika judo kwa jina la kata-guruma, ingawa katika mashindano ya leo kushika miguu hakuruhusiwi tena, kwa hiyo usiende kuujaribu kwa namna ile ya zamani kwenye mashindano. Mwaka 1882 Kanō alifungua Kodokan, chuo ambacho judo yote ya dunia imetokana nacho.

Ninakueleza habari hii kwa sababu moja. Tazama alichofanya Kanō baada ya kushindwa: hakuongeza nguvu, maana hakuwa nayo ya kuongeza, alibadilisha mahali pa kuingilia. Wewe mwenye kilo 41 kiuno chako kiko chini ya kiuno cha karibu kila mtu ukumbini, na kwa mitupo kama seoi-nage, ambayo humtaka mwangushaji aingie chini ya uzito wa mwenzake, mtu mrefu hulazimika kukunja magoti sana ili afike pale ambapo wewe umesimama tayari. Jifunze pia kufagia mguu kwa de-ashi-barai, kwa maana mguu wa mtu wa kilo 90 ambao haujatua sakafuni hauna kilo 90 juu yake. Ni suala la wakati, na wakati hauna ukubwa wa mwili.

Hata hivyo usidanganywe kwamba ufundi hushinda uzito siku zote. Mashindano ya kwanza ya dunia ya judo, yaliyoanza mwaka 1956, hayakuwa na madaraja ya uzito, na wengi waliamini kwamba fundi aliyekamilika hana haja nayo. Mwaka 1961 Anton Geesink wa Uholanzi, mtu mwenye urefu wa karibu mita mbili, akautwaa ubingwa wa dunia, na mwaka 1964 judo ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki kule Tokyo, Wajapani walishinda madaraja yote matatu ya uzito, lakini daraja la wazi, lisilo na kikomo cha uzito, likachukuliwa na Geesink aliyemshinda Akio Kaminaga mbele ya watu wa nyumbani kwake. Kaminaga hakuwa mwanafunzi. Alikuwa bingwa. Uzito ukikutana na ufundi unaolingana na wako, uzito hushinda, na ndiyo maana hata Mtanzania mwenzetu Andrew Thomas Mlugu alipokwenda Paris mwaka 2024 alicheza katika daraja la kilo 73 dhidi ya watu wa kilo 73.

Kwa hiyo ukishindwa kumwangusha fundi wa kuchomelea, hilo peke yake halikuambii chochote kuhusu ufundi wako. Uliza maswali mengine: je, niliingia mahali sahihi, je, nilimyumbisha kabla ya kuingia, je, nilianguka vizuri?

Na kuanguka ndiko nikupendekezee ukufanye kwanza kabla ya yote. Kidevu kifuani, pumzi itoke, mkono upige mkeka kwa kiganja na kigasha kwa pamoja, kisogo kisiguse chini kamwe. Mtu mdogo katika klabu ya wakubwa huanguka mara nyingi kuliko mwingine yeyote na kutoka mbali zaidi, kwa hiyo nawe huna budi kuwa bora kuliko wote katika jambo hilo. Ukishalijua, nusu ya hofu ya mama yako imekwisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona limejificha katika maelezo yako. Umewagawa wakubwa wako katika wenye huruma na wasio na huruma. Mimi ningewagawa kwa namna nyingine, yaani wanaojua kupunguza na wasiojua. Mtu wa kilo 95 mwenye mkanda mweusi ni salama kwako kuliko mtu wa kilo 65 aliyejiunga mwezi uliopita. Yule mzoefu akikuangusha atakushikilia mkono wa gwanda mpaka mwili wako utue, na akikubana chini uzito wake utabaki kwenye magoti na vidole vyake vya miguu. Mgeni anapoona anayumba hujikaza, hukung'ang'ania, kisha huanguka juu yako na mwili wote, na hapo ndipo vijana huumia. Muombe mwalimu wako akupangie wazoefu wakati wa kucheza huru, na wageni uwafanyie mazoezi ya mitupo iliyopangwa tu, ambapo kila mmoja anajua nani anaanguka na upande gani. Mwalimu anayeona ombi hilo ni kero hajafikiria vya kutosha.

Tabibu wa Sengerema

Naomba nijibu swali la pili, na nimjibu pia ndugu wa Mabatini.

Mazoezi hayamdumazi mtoto. Kinachodumaza ni lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika miaka ya mwanzo ya uhai, na kijana anayefanya mazoezi kwa usimamizi, akapata usingizi na chakula cha kutosha, hukua kama kawaida. Kwa upande wa chakula sisi watu wa kanda hii hatuna kisingizio: dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wana protini na kalisi nyingi, na hao si chakula cha matajiri. Onyo langu ni kwamba usikubali mtu akushauri ujinyime kula ili uingie daraja dogo la uzito. Kwa umri wako hilo halifai kabisa.

Hatari ya kweli iko kwenye viungo. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya kijana kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia, nayo haifungi mpaka miaka ya mwisho ya ujana, na kwa wasichana hufunga mapema kidogo kuliko kwa wavulana. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazokizunguka kiungo. Maana yake ni kwamba mkunjo ambao kwa mtu mzima ungeleta mteguko wa kano na uvimbe wa wiki mbili tatu, kwako unaweza kuvunja mahali ambapo mfupa unakua, na mvunjiko wa pale usipotibiwa vizuri unaweza kuupinda mfupa au kuufupisha. Kwa sababu hiyo mbinu za kukunja kiwiko usifanyiwe kwa kasi wala katika mchezo huru na mtu mzima, na vivyo hivyo mbinu za kukaba shingo. Ukiumia kiwiko, kifundo cha mkono au bega na maumivu yakabaki mahali pamoja juu ya mfupa, usikandwe wala kuvutwa na mtu yeyote ukumbini, nenda ukapigwe picha.

La kichwa ni zito zaidi. Ukigonga kichwa na baada ya hapo ukahisi kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au maumivu ya kichwa, mazoezi yako ya siku hiyo yameisha, hata ukijisikia nafuu baada ya dakika tano. Ukitapika mara kwa mara, ukisinzia isivyo kawaida, ukipata degedege, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyenzake, hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali, Sekou Toure au Bugando, usiku huo huo bila kusubiri asubuhi. Na mtu aliyeanguka akalalamika shingo asiinuliwe na kusimamishwa ili "ajinyooshe", kama nilivyowahi kuona kwenye kumbi nyingi.

Dogo la mwisho, ambalo watu hulicheka mpaka liwapate: mikeka inayotumiwa na watu wengi huambukiza fangasi wa ngozi. Fua gwanda kila baada ya mazoezi, kata kucha, oga kwa sabuni. Na mnaokwenda kukimbia kwenye mchanga wa ufukweni, msimalizie kwa kuoga ziwani, kichocho bado kipo.

Mkanda Mweupe wa Igoma (mwanzisha uzi)

Ahsanteni sana. Mzee wa Butimba, nimeyafikiria maneno yako juu ya wageni, na ni kweli kwamba aliyenibana hadi nikakosa pumzi alijiunga baada yangu.

Lakini swali la tatu bado linanikwaza. Mtu huyo ni mkubwa, namwamkia shikamoo mlangoni, halafu dakika kumi baadaye nimwambie ananiumiza? Siku nyingine navumilia tu mpaka mwalimu apige makofi ya kubadilisha jozi.

Mpagazi wa Mwaloni

Kijana, mimi ni mmoja wa hao wakubwa unaowazungumza, ingawa klabu yangu ni nyingine. Nina kilo 92 na kazi yangu ni kupakia magunia ya dagaa kwenye magari ya Dar es Salaam na ya nchi jirani. Nitakueleza kinachoendelea upande wa pili wa gwanda.

Kwanza, wengi wetu hatujui nguvu zetu. Mwili unaozoea gunia hukamata kila kitu kama gunia, nawe ukikamatwa hivyo unadhani tumekasirika, kumbe mtu anawaza nauli ya kurudi nyumbani. Pili, mtu mzima anayeanza judo huogopa sana kuangushwa na mtoto mbele ya wenzake, hasa kama wenzake hao ni wa kijiweni kwake, kwa hiyo hukaza mikono na kukunyima nafasi. Hakukazii wewe, anaikazia aibu. Tatu, tunakuhitaji kuliko unavyofikiri. Mimi nikicheza na mpagazi mwenzangu ninaweza kumvuta kwa mabega tu na nikajisifu kwamba ninajua. Nikipewa kijana wa kilo 40 na kuambiwa nimwangushe bila kumvuta wala kumlemea, ndipo inaonekana kama mguu wangu ulifagia kwa wakati wake au nilikuwa nabebwa na kifua. Mwalimu wetu huwapanga wakubwa na wadogo kwa makusudi hayo, na sijaona mkubwa aliyepoteza kitu.

Kuhusu adabu, kwanza tenganisha mambo mawili. Kugonga si maneno. Ukigonga mkeka au mwili wa mwenzako mara mbili, hiyo ni sheria ya mchezo kama filimbi ya mwamuzi, na mkubwa asiyeachia baada ya kugongwa ndiye aliyekosa adabu, mbele ya mwalimu na mbele ya kila mtu. Gonga mapema. Usisubiri pumzi iishe ili uonekane jasiri, kwa maana mkubwa aliye juu yako haoni uso wako na anaamini kwamba ukikaa kimya unaweza.

Jambo la pili ni kuomba kabla badala ya kulalamika baadaye. Mkishainamiana kuanza, sema: "Kaka, naomba twende polepole, nataka niushike vizuri mtupo huu." Hapo hujamwambia ana makosa, umemwomba msaada, na mtu mzima wa kwetu akiombwa msaada na kijana huona fahari kuutoa. Yule anayejiangusha mwenyewe naye mwombe kwa njia hiyo hiyo: "Kaka, naomba usianguke mpaka uyumbe kweli." Atacheka, lakini atakusaidia.

Na kama kuna mmoja ambaye huwezi kumwambia kabisa, usimwambie wewe. Nyumbani ukiwa na neno zito kwa baba mdogo si unapitia kwa shangazi? Kila klabu ina mtu mzima mmoja anayesikilizwa na wote, na mara nyingi si yule mwenye mkanda mkubwa. Mpelekee yeye kwa faragha, atajua kulifikisha bila jina lako kutajwa.

Kijiwe cha Mabatini

Tabibu, nimekuelewa kuhusu kudumaa, nafuta hilo. Lakini bado nasema: kwa nini asisubiri miaka miwili tu afike kilo 55, aingie akiwa anaweza kushindana? Kujifunza kwa kuangushwa kila siku kunamvunja mtoto moyo.

Mzee wa Butimba

Huenda akasubiri miaka miwili na akabaki kilo 47, watu hatukui kwa ratiba. Na akija akiwa na kilo 55 atawakuta wale wale wana kilo 90. Afadhali awe ameshajua kuanguka na kuingia chini. Ila moyo kuvunjika ni jambo la kweli, na dawa yake ni kumpa kijana kipimo anachoweza kukifikia. Mimi humwambia mdogo: leo usitafute kumwangusha, tafuta kubaki umesimama mpaka makofi yapigwe. Akiliweza hilo namwambia atoke chini baada ya kubanwa, kwa kujikunja ubavu na kusogeza kiuno mbali badala ya kumsukuma aliye juu kwa mikono. Katika mashindano kubanwa kwa sekunde 20 ni kushindwa kabisa, lakini mazoezini kijana wa kilo 41 anayetoka chini ya mtu wa kilo 80 katika sekunde ya 30 ameshafanya kazi kubwa, na ukumbi mzima huiona.

Tena, klabu yake ikipata hata kijana mmoja wa rika lake itamsaidia sana. Ana ndugu? Ana rafiki darasani? Amlete.

Mama wa Nyasaka

Nimesoma kimya tangu mwanzo, lakini kuna upande ambao wanaume wote mmeuruka. Binti yangu wa miaka 14 anafanya karate na watu wazima, na kabla sijamruhusu nilikaa ukumbini jioni kadhaa nikiangalia. Sikuwa naangalia mateke. Nilikuwa naangalia kama mlango unabaki wazi, kama mzazi anaweza kuingia wakati wowote bila taarifa, watoto wanabadilishia nguo wapi na nani yupo pale, na kama mwalimu anakubali mtoto aseme "hapana" kwa jozi fulani bila kuulizwa sababu mbele za watu. Judo ni mchezo wa kushikana mwili mzima, kwa hiyo nadhani maswali haya yana uzito zaidi kwenu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akiwa na mkanda wa rangi gani.

Mwanangu, mwambie mama yako aje akae ukumbini. Kwa nilivyoona mimi, mama anayekataa akiwa nyumbani hukataa kitu alichokiwaza, na akikiona kwa macho atajua akatae nini na akubali nini. Huenda akakataa bado, na ana haki hiyo. Usiku unarudije Igoma? Hilo nalo atakuuliza.

Mkanda Mweupe wa Igoma (mwanzisha uzi)

Shikamoo mama. Narudi na yule fundi wa kuchomelea, anaishi jirani na kwetu.

Nimerudi kutoa mrejesho. Nilimfuata mlinzi mmoja wa makamo ambaye wote wanamheshimu, nikamweleza. Hakusema lolote mbele ya watu, lakini katika mazoezi yaliyofuata mwalimu alitangaza kwamba mikanda myeupe yote, wakubwa kwa wadogo, haitacheza huru yenyewe kwa yenyewe kwa sasa, kila mmoja atapewa mzoefu. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba limeanzia kwangu. Nimeomba pia nisikunjwe kiwiko, mwalimu amekubali papo hapo. Mama amesema atakuja Jumamosi akishafunga genge.

Sijamwangusha mtu bado. Nimebaki nimesimama mbele ya dereva wa bodaboda hadi makofi yakapigwa, ingawa sina hakika kama hakuwa amechoka.

Nina tatizo moja dogo limebaki: gwanda nililopewa ni la mtu mzima, mikono inafunika vidole vyangu na kila mtu anapata pa kushika. Nikate?

Mzee wa Butimba

Usikate. Mpelekee fundi cherehani akunje mikono kwa ndani na ashone kwa uzi wa nguvu, ifike kwenye kifundo cha mkono na isipande juu ya hapo, maana mkono mfupi mno nao haukubaliki kwenye mashindano. Ukirefuka atafumua. Ukosi asiuguse, kitambaa cha pale ni kinene na sindano ya kawaida itavunjika. Na mwambie mama akija Jumamosi akae upande wa ukutani, mbali na kona ya mikeka, wageni huangukia huko.